Njia Tatu za Reli Mezani Kwangu

Jumamosi, 1 Machi

Daftari hili nimelinunua leo, jalada gumu, kurasa mia mbili. Nimelinunua kwa sababu siku treni itakapoanza kupita, waandishi wa habari watakuja hapa kwangu kuuliza Injinia alikuwa mtoto wa namna gani, na mimi kichwa kinasahau. Nitawafungulia ukurasa tu, wanakili. Mwandiko wangu mzuri. Niliishia darasa la saba, lakini kilichoniishia ni ada, si akili.

Binti yangu, Injinia mwenyewe, yuko kwenye ofisi inayochagua njia ya reli mpya ya abiria, kutoka mji huu mpaka mji wa pili. Jana kahamia kwangu na masanduku mawili na bomba refu la ramani. Chumba alichopanga kimeingia maji, na mvua ndiyo kwanza zimeanza. Atakaa chumba cha mbele mpaka zikatike.

Mtaa mzima uliniona nikiyapokea masanduku. Nilitembea polepole ili waone vizuri.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Nimeshona sketi kumi na mbili za shule. Injinia karudi jioni, kala, kajifungia na karatasi zake.

Alhamisi, 6 Machi

Njia ni tatu. Hilo si siri, limebandikwa ofisi ya mtaa. Njia ya Kwanza inakata bondeni. Njia ya Pili inafuata barabara ya zamani na kupita juu ya nyumba mia mbili na kumi za mtaa wetu, yangu ikiwemo, vyumba vinne nilivyovijenga kwa cherehani hii hii miaka kumi na tisa. Njia ya Tatu inazunguka vilima. Chini ya tangazo wameandika kwamba kila mkazi aandikishe jina lake, nyumba yake na maoni yake kwa karani kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa tarehe 25 Aprili. Asiye na hati aje na mashahidi wawili. Atakayechelewa atashughulikiwa baadaye, na baadaye yao sote tunaijua.

Jana usiku nikamuuliza Injinia mezani, "Mwanangu, reli itapita wapi?"

"Bado, mama."

"Bado ndiyo wapi?"

"Siwezi kusema."

"Hata kwa mama yako mzazi?"

"Hasa kwa mama yangu mzazi. Nilishamwandikia bosi kwamba nyumba yako iko Njia ya Pili. Nikikwambia neno moja tu, natolewa kazini."

"Sasa nani atajua?"

Akanitazama juu ya miwani. "Mama. Wewe?"

Nilinuna mpaka chai ikapoa. Halafu leo dukani nikawaambia kwamba kila jioni ananiomba ushauri. Ni maneno tu ya dukani, hayaumizi mtu.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Daraja la miguu la nyuma limechukuliwa na maji. Sasa kutoka mtaani ni njia moja, kupita kwenye bomba la maji na dukani, ambako wote wamekaa wananisubiri. Mimi sichoki kusubiriwa.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimefanya jambo la akili. Injinia alitoka kununua vocha akaacha ramani wazi mezani. Kubwa kama shuka. Nyekundu, buluu na kijani, njia zote tatu zimejilaza. Futi yangu ya kushonea ilikuwa shingoni kama kawaida. Nimepima viuno vya watu miaka thelathini na mmoja, nitashindwa kupima reli? Niliilaza futi kona kwa kona, nikiishika kwa pini ili isiteleze, kama ninavyopima mkunjo wa kola. Ya Kwanza, sentimita themanini na sita. Ya Pili, tisini na saba. Ya Tatu, mia na ishirini na moja.

Basi limeisha. Fundi gani anakata kitambaa kirefu wakati kifupi kinatosha? Reli inapita bondeni, kwa vyura. Nyumba yangu salama.

Nilikunja kila kitu kama kilivyokuwa. Vitundu vya pini havionekani.

Bombani nikamkuta Mama Pacha, jirani yangu wa ukuta mmoja, na ndoo zake. Nikamwambia alale usingizi, reli ni ya bondeni.

"Injinia kasema?"

Nikainua mabega, nikatabasamu. Sikusema ndiyo. Hapana pia sikusema.

Jumanne, 18 Machi

Mtaa mzima wananisalimia kwa mikono miwili. "Mama Injinia, asante." Seremala kanitengenezea mguu wa meza bure.

Jumapili, 23 Machi

Mama Pacha hana hati ya nyumba. Alinunua kwa karatasi ya mkono, na karatasi hiyo ililiwa na mchwa. Shahidi wake mmoja ni Seremala, wa pili ni dalali mzee aliyehamia mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Alikuwa amemtumia nauli aje. Leo kamwambia abaki huko, nauli iwe zawadi yake. "Kwa nini nimsumbue mzee wa watu mvuani," kaniambia, "na wewe umeshatupa uhakika?"

Nikasema ndiyo, kwa nini.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Karani wa ofisi ya mtaa analalamika anakaa na fomu zake peke yake kama mganga asiye na wagonjwa.

Jumatano, 9 Aprili

Kaja kijana mmoja wa mashine ya kuchimbia, ovaroli imechanika kuanzia goti mpaka mfukoni. Wanatoboa ardhi bondeni kuangalia udongo. Nikamkalisha, nikamshonea palepale, naye maneno hayamwishi.

"Mama, kule chini ni uji. Tumeshusha bomba mita ishirini na nane, mwamba hakuna."

"Si wataweka daraja?"

"Daraja la kilomita kumi na moja! Kila nguzo itakunywa saruji kama mlevi. Njia ni fupi, lakini bei yake inaweza kujenga ile ya barabara ya zamani mara mbili, na fidia za nyumba zote juu yake."

"Na ile ya vilimani?"

"Ile bei nafuu, ila inamchelewesha abiria dakika arobaini. Nani atapanda? Atapanda basi, wao wabaki na treni tupu."

Sindano ilinichoma kidole. Miaka thelathini na mmoja kwenye kazi, nimewaambia wateja wangapi kwamba mita mbili za hariri zinazidi bei ya mita tano za kaki? Wangapi? Na mimi mwenyewe nikapima urefu, nikasahau kuuliza ni kitambaa gani.

Alipouliza bei ya kushona nikamwambia aende tu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemwendea Mama Pacha. Nilikuwa nimejipanga kusema kila kitu. Nikasema, "Jirani, kajiandikishe tu, huwezi jua."

Akaacha kufua. "Kasema nini Injinia?"

"Hakuna. Nasema tu."

"Wewe husemi tu. Imebadilika?"

"Nimesema hakuna!"

"Aaa," akasema, na macho yake yakawa madogo. "Kumbe kuna jambo."

Nikarudi ndani. Maneno ya kweli niliyokwenda nayo nikarudi nayo.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Sikutoka.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Sikutoka. Injinia kaniuliza kama naumwa. Nimesema goti.

Jumatano, 16 Aprili

Sasa mtaani kuna habari mbili zinapigana. Wengine wanasema Injinia kampa mama yake siri kwamba reli ni ya bondeni, basi watulie. Wengine wanasema imehamia kwetu, Injinia kamnong'oneza mama yake ajiandikishe wa kwanza ale fidia nono, na sisi tumeambiwa tulale. Zote mbili zimetoka mdomoni mwangu, hata ile ambayo sikuisema. Na kujiandikisha hawaendi. Wa kwanza hawaoni haja, wa pili wanasubiri waone mimi nitafanya nini.

Wakinipita dirishani wanainama kuchungulia. Nimeshusha pazia. Ndani kuna giza, nashona kwa kupapasa. Mbele mlango wa Injinia umefungwa, nyuma maji, pembeni bomba. Nyumba yangu mwenyewe, niliyoipima kila dirisha, leo imenibana kama nguo ya mtu mwingine.

Jumanne, 22 Aprili

Leo mwandiko msiuangalie.

Injinia karudi saa nane mchana. Hajawahi kurudi saa nane. Hakuvua viatu, kaingia na matope mpaka kwenye cherehani.

"Mama, umewaambia nini watu?"

"Watu gani?"

"Mama!"

"Watu wanasema mengi..."

"Ofisini imefika barua. Haina jina. Inasema mimi nimekwambia njia, na wewe umewazuia watu wasijiandikishe. Bosi kanipa mpaka Ijumaa. Mtu mmoja tu wa mtaa huu akithibitisha, nimekwisha. Na si mimi tu. Itaonekana hesabu zote tulizofanya miaka miwili zilipikwa mezani kwa mama wa mtu."

Nikasema sikumwambia mtu kitu. Ndiyo, daftari hili ni la kuandika kila kitu, na hili nimeliandika. Nilimdanganya mtoto wangu machoni.

Akakaa kwenye kigoda cha wateja, chini kabisa, magoti yamefika kidevuni, kama alipokuwa darasa la pili. Akatoa ramani kwenye bomba lake, akafungua pazia, akaiinua mbele ya dirisha. Nuru ikapita. Vitundu vya pini, vingi, vimepangana juu ya njia zote tatu kama mshono.

"Niliviona tangu Machi," akasema. "Nikasema mwenyewe, mama kaangalia tu. Mama kuangalia ni kawaida yake."

"Nilipima," nikasema.

"Ulipima."

"Nikaona ya bondeni ndiyo fupi."

Akafunika uso. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu kweli akalia. Mimi nikashika mkasi, nikauweka, nikashika mkasi. Nikamwambia nitakwenda ofisini kwake nikaseme. Akasema mama mtu akisema mwanangu hana kosa, nani atamwamini? Nikasema basi nitawaambia watu wa mtaa. Akasema, "Hawatakuamini. Umewaambia miaka yote kwamba nakwambia kila kitu."

Hapo ndipo nilipoona nilipo. Nikinyamaza, Ijumaa saa kumi inapita na Mama Pacha hayumo kwenye orodha, wala Seremala, wala nyumba mia mbili. Nikisema "nendeni mkajiandikishe", watasema Injinia katoboa siri, na mtoto wangu anatolewa. Kila mlango niliousukuma ulikuwa na mtu wangu nyuma yake.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua. Yeye chumba chake, mimi changu.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimekwenda. Saa tatu asubuhi nilimwendea mwenyekiti wa mtaa, nikamwomba aite watu na aandike kila neno, kikao rasmi, na muhuri. Akadhani nataka kutangaza sherehe.

Walijaa karakana ya Seremala, wengine wamekaa juu ya mbao. Nilipoingia wakapiga makofi. "Mama Injinia! Tupe habari!"

Nikasema, "Reli sijui inapita wapi. Binti yangu hajaniambia."

Wakacheka. Wakacheka sana.

Nikawaeleza futi, pini, sentimita. Nikawaeleza kijana wa ovaroli, na udongo wa bondeni. Nikasema hiyo bondeni niliitoa kichwani mwangu mwenyewe, waende leo wakajiandikishe, wasisubiri kesho.

Seremala akasimama, penseli sikioni. Huyu ni mtu wa heshima, hakusema kwa ubaya. "Mama, samahani. Wewe mwenyewe umetuambia huyo binti hanunui hata viatu mpaka akuulize. Leo reli nzima hakukwambia? Mwambie mwingine."

"Kweli kabisa!" wakasema nyuma. "Anamfichia mwanawe!"

Basi nikaona hakuna kingine cha kuwapa ila uongo wangu wote. Nikaanza kufumua.

Nikasema viatu nilidanganya. Nikasema yeye si mkuu wa ofisi, kama nilivyowaambia. Ni wa nne kutoka juu, anajaza majedwali ya gharama. Lile gari la ofisi lililokuja siku ya sikukuu lilikuwa la kukodi, nililipa nusu. Nikasema haniombi ushauri. Hajawahi. Akiwa mbali ananipigia kila Jumapili dakika nne, na tatu nazisema mimi. Tangu Machi tunakula meza moja, na tunachoongea ni chumvi iko wapi. "Haniambii kitu," nikasema. "Si reli tu. Mimi ni mtu ambaye mwanawe hamwambii kitu, kwa sababu anajua nitakuja kuwaambia ninyi."

Mvua ilikuwa inapiga bati, lakini nilisikia kalamu ya mwenyekiti.

Hawakucheka tena. Hilo waliliamini. Nilisimama pale nikawaona wanaamini, mmoja baada ya mwingine, na sijui kama kuna siku niliumia zaidi.

Mama Pacha akasema, "Kwa hiyo mimi nimemzuia shahidi wangu kwa sababu ya futi ya kushonea?"

"Ndiyo."

Hakunitukana. Aliniita kwa jina langu, lile la kuzaliwa, ambalo mtaa huu ulikuwa umelisahau. Akasema nimpishe mlangoni, anakwenda kupiga simu.

Ijumaa, 25 Aprili

Foleni ya ofisi ya mtaa ilifika bombani. Karani kaishiwa fomu saa sita, zikanakiliwa kwa mkono. Mimi ndiye niliyenakili, thelathini na nne, sikuinua kichwa. Hakuna aliyenisalimia ila kuniambia "hiyo herufi irudie".

Dalali mzee alipanda basi la usiku. Saa tisa na nusu hajafika. Saa kumi kasoro robo hajafika. Mama Pacha alikuwa amesimama barabarani, mvua inamtiririka, na mimi nimesimama nyuma yake hatua kumi, kwa sababu karibu zaidi hakunitaka. Saa kumi kasoro dakika sita mzee kateremka na kofia yake na mfuko wa plastiki kichwani, akauliza, "Kwani kuna nini?" Wakambeba. Nasema kweli, Seremala na mwenzake walimbeba mabegani mpaka mezani kwa karani, akatia sahihi akiwa anahema.

Nyumba mia mbili na nane. Mbili wenyewe wako safarini, mwenyekiti kawaandikia.

Jumatatu, 28 Aprili

Muhtasari wa kikao umefika kwa bosi. Kaamini. Injinia kabaki kazini, ila majedwali yake yatapitiwa upya na mtu mwingine, mstari kwa mstari.

Kaja kusimama mlangoni kwangu jioni.

"Dakika nne, mama?"

"Kwani uongo?"

"Na wewe unahesabu?"

"Sihesabu. Simu ndiyo inaandika."

Akaenda kunawa, tukala. Chumvi ilikuwa mbele yangu, akanyoosha mkono akaichukua bila kuuliza.

Jumapili, 11 Mei

Mvua zimepungua. Injinia karudi chumbani kwake mjini. Masanduku aliyabeba mwenyewe, mapema, kabla watu hawajatoka.

Jumatatu, 19 Mei

Sare. Kola ishirini. Wateja wanakuja, wanapima, wanalipa, wanakwenda. Zamani walikaa.

Jumapili, 1 Juni

Injinia kaja, hakusema anakuja. Kakaa saa tatu. Kanywa chai vikombe viwili. Alitembea nyumba nzima, akaushika ukuta wa ukumbini pale niliposiriba mwenyewe, akasimama muda mrefu kwenye dirisha la jikoni. Kaniuliza mgongo, cherehani, mafuta ya cherehani.

Mimi nilikuwa na swali moja mdomoni. Nikalimeza na chai. Akaondoka.

Jumatatu, 2 Juni

Wamebandika asubuhi. Nilipanga foleni ubaoni kama kila mtu, nyuma ya Mama Pacha. Amekuwa akinijibu salamu siku hizi, ya mkato.

Ni Njia ya Pili. Wameandika sababu: gharama ya chini kwa kila abiria, ardhi imara, muda wa safari saa moja na dakika tano. Chini yake orodha ya nyumba zitakazovunjwa, kwa namba. Yangu ni sitini na tatu. Niliisoma mara mbili. Nikashika nguzo ya ubao. Miezi sita, kasema karani, kisha fidia, kisha tuhame. Mama Pacha naye akaikuta yake, sitini na nne, jina lake lipo, mashahidi wawili. Akaweka kidole juu ya jina akakiacha hapo.

Halafu akanigeukia. "Jana nilimwona mwanao kwako."

"Alikuja."

"Na hili alikuwa analijua?"

"Analijua. Yeye ndiye aliyejaza gharama."

"Akakwambia?"

"Hakuniambia."

"Hata kukudokeza? Nyumba ya mama yake?"

"Hata kupepesa kope!" nikasema. "Kakaa saa tatu. Kanywa chai yangu, kashika ukuta wangu, anajua unavunjwa, na hakuniambia neno. Hata moja!" Sauti ilikuwa imeshapanda, naisikia mwenyewe, foleni nzima imegeuka, na machozi yananitoka lakini kifua kiko mbele, sikuweza kukirudisha. "Nitajieni mtoto mwingine mtaa huu anayeweza hilo. Haya, nitajieni!"

"Mama," akasema Seremala nyuma yangu, taratibu, "sogea basi, na sisi tusome."

Nikasogea.